Kioo cha Mnara wa Kumi na Saba

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga, na walisema hivyo kwa sababu hawakuwahi kupewa kioo. Kidole kimoja kilimuua Sikitu Kilasi. Kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, ndani ya glovu, mita tisini juu ya ardhi ya Makambako, na mwenye kidole hicho hakuwa na nia ya kumuua hata mende.

Ripoti niliipokea mimi. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu: mtunza ripoti wa kampuni ya Nguvupepo, stashahada ya elektroniki, kiti cha kuzunguka, chupa ya chai. Fundi akishakagua mnara huandika alichokiona akiwa hukohuko juu. Mimi naisoma, nagonga muhuri, na mabawa yanafunguliwa yazunguke. Tangu mabwawa yakauke, nusu ya nyanda za juu inakula upepo wetu. Mnara ukisimama saa moja, simu zinaanza kulia.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, ripoti ilifika: Mnara 17. Hakuna tatizo. Nikagonga muhuri.

Ijumaa asubuhi Sikitu alipanda mnara huohuo kupaka grisi. Kabla hajapanda alipita chumba changu cha ripoti, akachota karanga zangu bila kuomba, akasema kazi yangu ni kuota vigimbi vya makalio. Nilimjibu kwamba yeye kazi yake ni kupaka mafuta kama mpika maandazi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Saa tatu na nusu boliti nne za bawa la pili ziliachia, bawa likachomoka, likapiga kichwa cha mnara alimokuwa amejipinda na kopo lake la grisi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, kampuni ilikuwa imeshampata muuaji. Tangazo lilibandikwa ukutani. Ripoti ya Alhamisi imetumwa na kidole cha fundi Lutengano Mwakalobo. Kioo kimethibitisha kidole. Fundi hakutazama alichokuwa anaandika.

Nilisoma mstari ule wa mwisho mara tatu. Ulikuwa wa kweli. Hakutazama. Ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu uongo ningeweza kuucheka.

Anayetoka nje ya Makambako hawezi kuelewa, kwa hiyo nieleze. Upepo wetu hauna adabu. Juu ya mnara ukiondoa macho kwenye ndoano ya kamba yako kwa muda wa kupiga chafya, umejiaga mwenyewe. Kwa sababu hiyo mafundi wa kwanza walijiwekea sheria, nayo imechorwa kwa rangi nyekundu chini ya kila mnara: MACHO KWENYE KAMBA. Ripoti huandikwa kwa mkono mmoja, chombo kikiwa kimefungwa kiunoni, bila kukitazama hata mara moja. Lutengano ndiye aliyetufundisha. Kwa miaka kumi na sita alimfunga kila mwanafunzi kitambaa cha macho, akamwagia maji kwenye glovu zake, akamwambia aandike ripoti nzima. Ukikosea herufi mbili unarudi kesho. Mimi nilirudi siku tisa, kisha nikapelekwa ofisini, na utani wake haujaisha hadi leo.

Enzi hizo tulikuwa na chombo tulichokiita tofali. Kilikuwa kizito, kibaya, skrini yake sawa na kiberiti. Lakini kilikuwa na vitufe. Kitufe kina kingo. Kidole kinajua kinapoanza na kinapoishia. Kitufe cha katikati kilikuwa na kipele kidogo, gumba likikipapasa linajua liko nyumbani. Ukibonyeza kinazama, kisha kinakusukuma kukujibu: nimesikia. Kinakujibu hata ndani ya glovu, hata mvuani. Na tofali halikuwa na akili. Ukiandika pumba linatuma pumba. Ukinyamaza linanyamaza.

Miaka miwili iliyopita matofali yote yalikusanywa kwenye gunia, tukapewa vioo. Sitasema uongo, nilipiga makofi. Vitufe vilikuwa vinaliwa na vumbi, vingine vimefutika herufi. Kioo ni chepesi, kinapiga picha, kinakuonyesha ramani ya mnara, na kibodi yake inajichora unapoihitaji na kuondoka usipoihitaji. Unaweza kuipanua, kuibana, kuigeuza utakavyo. Hotuba zilikuwa ndefu na soda zilikuwa baridi. Hakuna aliyeuliza fundi atapapasa nini kwenye kitu laini kama yai. Na hakuna aliyefuta maandishi mekundu chini ya minara. Jumamosi ile nilikwenda kuhakikisha. Rangi ilikuwa mpya. Walikuwa wameipaka upya mwezi uliotangulia.

*

Lutengano nilimkuta nyuma ya nyumba yake Lyamkena, anapasua kuni.

"Kamwene, Baba Tusa."

"Kamwene," alijibu bila kugeuka.

Kila nilichouliza alikijibu kwa pumzi ya katikati ya pigo la shoka na pigo la shoka. Alikumbuka boliti nne, alizigusa mwenyewe, zilikuwa zinacheza kama meno ya mtoto. Alikumbuka kuandika. Alikumbuka kuandika mnara usifunguliwe. Lakini kidole ni chake, na kioo hakina sababu ya kumchukia, basi labda ni uzee. Labda aliandika kichwani tu. Jumatatu kuna kikao cha tume ya kuchunguza ajali, wamemwandalia karatasi ya kukiri, naye atatia saini.

Nikamwambia hakuna haja ya labda. Kila kioo kinahifadhi nyayo za vidole: kila mguso, sekunde uliyotokea, mahali ulipoangukia, hata vile ulivyofuta. Zikifunguliwa, tutaona alichoandika. Mimi ndiye mwenye ufunguo. Yeye anipe ruhusa tu.

Shoka liliganda hewani.

Alikataa. Nilidhani hakunielewa, nikarudia polepole. Akakataa tena. Sheria ya Nyayo haina kona: nyayo za mtu ni mwili wake, na kuzifungua bila ruhusa ni sawa na kumvua nguo sokoni. Tena tume haipokei nyayo zilizokatwa. Ama zote, tangu siku ya kwanza ya kioo hadi ya mwisho, ama hakuna. Lutengano alilijua hilo kuliko mimi.

Nikajaribu utani. Nikamwambia kama kuna mwanamke ndani ya kioo hicho, tume imeshaona wanawake wengi, watapiga miayo. Hakucheka.

"Enelika, nimesema hapana. Heri niitwe muuaji."

Akainua shoka, na nilijua mazungumzo yamekwisha.

*

Nilianza kwa njia ya halali. Nilichukua kioo kipya stoo, nikavaa glovu, nikajifunga kitambaa, nikapanda juu ya paa la karakana palipo na upepo. Niliandika mara ishirini: boliti nne zimelegea, msifungue. Yalitoka maneno ya mlevi, lakini sikupata hata mara moja Hakuna tatizo. Basi tatizo halikuwa kwenye vioo vyote. Lilikuwa kwenye kioo chake. Kuna kitu kioo kile kilijifunza kutoka kwake.

Herufi unazoziona kwenye kioo ni picha tu. Chini ya picha kuna mipaka isiyoonekana, nayo haitulii. Kioo kikihisi unakaribia kuandika neno fulani, kinapanua kimyakimya eneo la herufi zake, ili kidole kikikosea kiangukie unapotaka. Juu ya herufi kuna mstari wa sentensi zilizopikwa tayari, zile unazozipenda, nao pia unapanuka kadiri unavyozitumia. Kwa anayetazama, huo ni msaada. Kwa asiyetazama, ni mlango unaohama kila usiku ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kitufe hakiwezi kufanya hivyo. Kitufe kimepigiliwa.

Mhandisi Mbilinyi, meneja wetu, nilimweleza haya Jumamosi jioni kwa simu. Alisikiliza kwa upole. Akasema nadharia ni nzuri, lakini bila nyayo ni nadharia. Lutengano akitia saini Jumatatu, Jumanne mafundi saba watapanda minara saba, wote na vioo vyao, kwa sababu wilaya mbili hazina umeme wa kutosha na amechoka kupokea simu.

Niliwataja wale saba kwa majina. Akasema anawafahamu.

Jumapili mchana watu wote walikuwa Kipagamo wakimzika Sikitu. Mimi sikwenda. Nilikaa chumba cha ripoti, mlango nimeufunga kwa ndani, na wakati wenzangu wanatupa udongo, mimi nikazifungua nyayo za Lutengano Mwakalobo bila ruhusa yake.

Nilitarajia mwanamke. Mungu anisamehe, nilitamani awe mwanamke.

Siku ya kwanza ya kioo, mita tisini juu, mnara wa tano, gumba lake liliandika: Naogopa. Likafuta. Likagusa sentensi ya tayari, Hakuna tatizo, na kutuma. Siku ya pili: Kizunguzungu kimenishika, ee Mungu nishushe. Likafuta. Hakuna tatizo. Siku ya sita: Miguu si yangu. Tusa mwanangu nisamehe, sijui kazi nyingine. Likafuta. Hakuna tatizo. Yaliendelea hivyo kwa miaka miwili. Mara mia mbili na kumi na moja mtu aliyetufundisha kutoogopa alipanda, akakagua, akakuta mnara mzima, akauandikia upepo hofu yake kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia, akaifuta, akashuka anapiga mluzi. Mluzi ule naujua. Tulikuwa tunausikia tukisema, Baba Tusa huyo, katoka matembezini.

Nililia kidogo. Kisha nikatazama mipaka.

Mwezi wa kwanza, eneo la Hakuna tatizo lilikuwa dogo kama punje ya harage. Kila alipofuta na kuligusa, lilinenepa. Kioo kilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Kilijifunza kwamba mtu huyu akiwa juu kwenye upepo, akiandika maneno mengi, hayataki. Anataka kuyafuta. Kisha anataka Hakuna tatizo. Kufikia mwaka wa pili eneo lile lilikuwa limemeza safu nzima ya juu na limefunika hata mahali pa kutuma.

Alhamisi, saa nne na dakika nane, gumba la Lutengano liliandika bila kutazama, bila kosa hata moja: Boliti nne zimelegea bawa la pili. Msifungue. Asipande mtu. Kisha likaenda pale ambapo miaka yote ni mahali pa kutuma, na kioo kikamsaidia. Kwa mguso mmoja kikafanya yote matatu aliyokifundisha. Kikafuta. Kikaweka Hakuna tatizo. Kikatuma.

*

Tume ilikaa Jumatatu kwenye ukumbi wa kantini, na harufu ya maharage ilikuwa haijatoka. Mwenyekiti alikuwa Mama Haule, hakimu mstaafu mwenye miwani ya kamba. Mafundi walisimama ukutani na nguo zao za kazi. Lutengano alikaa mbele, karatasi ya kukiri mbele yake, kalamu juu ya karatasi.

Niliomba kusema kabla hajasaini. Nikaziangaza nyayo ukutani, zote, tangu siku ya kwanza.

Nilieleza mipaka, nikaonyesha punje ya harage ikigeuka kuwa godoro. Sidhani kama walinisikia mwanzoni. Walikuwa wanasoma. Ukuta mzima ulikuwa umejaa Naogopa, na mafundi aliowafunga vitambaa vya macho walikuwa wanazisoma moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Lutengano aliitazama ile kalamu tu.

Nilipofika Alhamisi, kaka yake Sikitu alisimama, akasogea mpaka ukutani, akaisoma ripoti halisi kwa sauti. Asipande mtu. Akarudi kukaa.

Mhandisi Mbilinyi aliomba nafasi. Alisema ameguswa sana. Alisema pia kwamba, kwa huzuni kubwa, ushahidi huu unaonyesha fundi aliyekuwa na kizunguzungu na akakificha, mtu asiyefaa kupanda, na kwamba kioo kilijifunza tu tabia ya mwenye nacho. Alisema yote hayo kwa Kiswahili safi, kilichopigwa pasi. Mimi lugha hii naipenda kuliko kitu chochote nilichorithi, na nilitamani kumnyang'anya mdomoni.

Nilimuuliza kitu kimoja: sheria nyekundu chini ya minara inasema macho yawe wapi? Akasema kwenye kamba. Nikamuuliza kioo kinataka macho yawe wapi? Akanywa maji.

Ndipo Mama Haule akavua miwani, akasema kuna jambo la kisheria, na hata yeye halipendi. Nyayo hizi zimefunguliwa bila ruhusa. Mwenye nyayo ana haki ya kudai radhi, hapa hapa, mbele ya tume. Aliyefungua akiomba radhi, shauri lake linakwisha, haguswi tena. Nyayo zinafungwa, na kilichoonekana kinahesabiwa hakikuonekana. Ni kosa kukitaja, hata kwa utani, hata kilabuni. Akikataa, nyayo zinabaki kuwa ushahidi, vioo vinashushwa minarani mpaka uchunguzi uishe, na yeye anafikishwa mahakamani kama mtu aliyemvua mwenzake nguo hadharani. Leseni yake ya kazi anaiacha mezani. Kifungo ni miaka miwili hadi minne.

Mbilinyi aliniinamia, akaninong'oneza kwamba ni neno moja tu, binti, nami nirudi kwenye kiti changu kesho, maana nina akili na nchi inanihitaji. Alikuwa ananuka sabuni nzuri.

"Ndugu Mwakalobo," Mama Haule akasema, "unadai radhi?"

Lutengano aliinuka. Niliomba moyoni aseme hapana. Kwa kuwa ukweli umeshatoka, nilifikiri, ataona kwamba hakuua, kwamba maneno yake yalikuwa sahihi hadi nukta, na hilo litamtosha. Nilikuwa mjinga.

"Nadai," alisema.

Akanigeukia. Tangu Ijumaa hakuwa amenitazama usoni.

"Nilikwambia hapana. Mara mbili nilikwambia, kwangu, kwenye uwanja wangu. Ukaenda ukanivua mbele ya watoto niliowafundisha. Unajua mimi ni nani kesho? Mimi ni yule mzee anayelia mnarani. Tusa atalisikia shuleni." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ningekaa na kosa la kifo cha Sikitu, Enelika. Ningelibeba. Hili silibebi. Omba radhi, mwanangu, yaishe. Nakuomba."

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Lutengano akiomba kitu.

Na alikuwa na haki. Hilo mnaosoma mlijue, maana wengi wamekuja kunifariji kwamba hakuwa nayo. Alikuwa nayo yote. Nilichokichukua hakikuwa changu, na ningekuwa yeye ningedai vilevile. Kama kungekuwa na radhi ya kumwomba yeye peke yake, jikoni kwake, bila kufunga chochote, ningepiga magoti kwenye vumbi la kuni. Lakini sheria ilikuwa imezifunga pamoja: heshima yake upande huu, na upande ule watu saba wenye glovu, Jumanne, saa mbili asubuhi, wakipapasa yai kiunoni huku macho yao yako kwenye kamba kama walivyofundishwa na mtu huyuhuyu. Niliwatazama ukutani. Walikuwa wote saba. Mmoja wao, Tuntufye, alikuwa ameshafungua kioo chake mkononi na anakitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

Hasira yangu ilikuwa imetafuta mtu wa kumshukia tangu Jumamosi, na pale ilikuwa imezungukwa na watu wasiostahili. Lutengano hastahili. Hata kioo hakistahili, ni kioo. Wanaostahili walikaa nyuma ya meza na chupa za maji, wakisubiri fundi mzee na karani wake wamalizane wenyewe kwa wenyewe, ili wao warudi kazini.

Niliivua leseni shingoni, nikaiweka mezani, juu ya ile karatasi ya kukiri.

"Binti Nyagawa," Mama Haule aliniambia, "tume inasubiri."

"Baba Tusa," nikasema, "uliandika asipande mtu. Mimi ndiye niliyepaswa kuisoma, na sasa nimeisoma. Kesho hapandi mtu."

"Radhi, Enelika," Lutengano alisema.

"Siombi."

Mama Haule aliniuliza kama naelewa maana ya jibu langu, kisha akaniuliza tena ili liandikwe. Nikasema naelewa. Nikasema liandikwe kama nilivyolisema, lisipunguzwe na lisiongezwe: siombi radhi kwa kampuni, siombi radhi kwa tume, na kwa Lutengano Mwakalobo, ambaye nampenda, siombi radhi.